Zeze Lililorudi kwa Posta

Sogeeni, Josia, na wewe mayu Nyamizi, binti yangu, mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha jambo moja tu na figo hizi hazitoi second chance. Sina ng'ombe wa kuwagawia. Shamba la pamba ni la baba yenu mkubwa Salvatory, kaka yangu, aliyelima mgongo ukapinda ili mimi nisome. Cheti changu cha chuo kikuu kipo ukutani. Mchwa wamekifaidi kuliko mimi. Nilihitimu mwaka ule serikali iliposema haiajiri tena, soko ni huria, kila mtu ajitafutie. Huria! Nikarudi hapa Bariadi na Bachelor of Arts yangu, nikawa mtu wa kuwaandikia watu barua.

Chini ya kitanda kuna boksi lenye stempu za Ubelgiji. Ndani yake limo zeze la babu yenu Ndaki, lile mliloambiwa liliibwa.

Nililiiba mimi.

Babu alimwachia Salvatory kwa sababu Salvatory alijua kulipiga. Mimi ningeliandikia essay tu. Lilining'inia juu ya jiko, jeusi kwa masizi ya miaka hamsini, nyuzi zake za kano za ng'ombe. Kule Mwanza, kwenye internet café, nilikuta Wazungu wana mnada wao ndani ya kompyuta, wananunua ala za nyuzi za watu wasiowajua. Nikalichukua kaka akiwa shambani, nikalipiga picha na weusi wake, nikaiweka picha mnadani. Siku saba walipandishiana bei, nami napanda basi kwenda kuangalia. Akashinda Mbelgiji mmoja, kwa bei ya ng'ombe wanane.

Sasa sikieni ujinga wa msomi. Kabla ya kulifunga, nililiosha. Gete, kweli kabisa! Kwa sabuni na brashi, nikabadilisha nyuzi, nikalipaka mafuta ya pamba likang'aa, kama babu yenu alivyomsugua fahali kabla ya kumpeleka mnadani, maana nani anapeleka mali chafu sokoni? Mbelgiji akalirudisha, akarudishiwa pesa yake. Item not as described. Akasema la pichani lilikuwa na umri, hili ni jipya, mimi ni tapeli. Masizi yale wao wanayaita patina, na ndiyo waliyokuwa wakinunua.

Lilikaa njiani miezi mitatu, kwenda na kurudi, na huku mwizi akawa ameshapatikana. Maganga, kibarua wa baba yenu mkubwa, alikuwa analala pale wiki ile ya mavuno, na alizoea kuliazima zeze. Wazee wakakaa. Maganga akasema, "Nililipenda, wazee wangu, lakini sijawahi kuligusa bila ruhusa." Salvatory akamjibu, "Na mwingine aliyelipenda ni nani hapa?" Wakamtenga: asipewe moto, asisalimiwe. Akamchukua mkewe Milembe na watoto, wakahamia Lingeka. Mihtasari ya kikao kile niliandika mimi, kwa mwandiko mzuri, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Miaka minne nimelala juu ya boksi hili. Kulitoa ni kujitaja.

Unasemaje, Josia? Mlizike pamoja nami, yaishe? Hiyo akili ni yangu kabisa, bhabha, umeirithi kabla hata sijafa. Hapana. Kesho panda gari uende Lingeka, umwambie Maganga kila neno ulilosikia, umwombe aje. Nisizikwe kabla hajasalimiwa na kila mzee aliyekaa kikao kile, mmoja mmoja, kwa mkono. Nikianza kunuka, ninuke.

Nyamizi, daftari la mihtasari limo humo humo. Futa jina la Maganga, andika langu. Na digrii yangu uiandike, wajue.

Zeze ni la kaka. Lirudi juu ya jiko, na mtu asilifute tena. Masizi yatarudi, polepole... Nilitaka mmwambie kaka nikishafumba macho. Huo nao uoga. Namsikia uani, amekuja na uji, kama kila siku. Mwiteni.

Mungu awape kazi, wanangu. Asipowapa... awape mikono isiyoonea aibu jembe. Fungua mlango, Josia.

Kaka... sogea, sauti haifiki. Hapana, huo uji... uweke chini kwanza. Usininyweshe kabla hujasikia.