Historia ya Marehemu Bibi Mizani na Sabuni Ambayo Haijarudi

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Bibi Mizani, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule Januari 1959, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970, akiipenda kemia kuliko masomo yote.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa na kiwanda cha sabuni, chumba cha mchanganyiko, ambako kazi yake ilikuwa kujua, kabla moto haujawashwa, kipi kitaisha kwanza kati ya mafuta na kostiki, yale magadi makali yanayoyageuza mafuta kuwa sabuni, kwa kuwa mafuta yakizidi kidogo sabuni hulainika, lakini magadi yakizidi hukaa ndani ya kipande yakingoja ngozi, na wenzake walipomtania kwamba hata chai anaipigia hesabu, aliwajibu kwamba chai haijampofusha mtu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na dereva wa kiwanda hicho, baba yetu, aliyemtangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wanne. Alistaafu Juni 2006, akaendelea kupika sabuni uani, mafuta ya nazi kilo kumi kwa kostiki kilo moja na gramu mia saba, kipimo ambacho hakikumtupa hata siku moja.

Februari mwaka huu aliugua figo. Tarehe 2 Mei, mama akiwa hawezi tena kusimama, kitinda mimba wetu alimpikia sabuni, ili waliokuja kumjulia hali wasiondoke mikono mitupu, ila mafuta ya nazi hayakupatikana, akatumia mawese yaliyosafishwa, kwa kipimo kilekile, wageni wakagawiwa. Siku ya nne mama aliuliza ni mafuta gani, akajibiwa, "Mama nawe, kilo si kilo?", akaomba kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi, kisha akasema, "Mawese hushiba mapema, mwanangu, kwa moja na mia nne tu. Hizo gramu mia tatu bado zina njaa." Hakumkaripia, aliagiza sabuni irudishwe, na kila tulipoingia chumbani aliuliza kwanza vimerudi vipande vingapi, hadi alipofariki alfajiri ya tarehe 11 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa chumba cha mchanganyiko, ambao jana walipita nyumba kwa nyumba. Vipande kumi na viwili bado havijarudi, ni vyeupe, havina mhuri, vinanukia vizuri kama vingine, na kimoja alikichukua mgeni mwenye mtoto mchanga, ambaye hakuna kati yetu anayemfahamu kwa jina, naye akiwa yumo humu, asisubiri mazishi, aende nyumbani sasa.

Pumzika kwa amani, mama, nasi tukitoka makaburini tunaanza na mtaa wa nyuma.