Vipande Kumi na Sita vya Kemboi

Benchi letu liko mbele ya duka la Pradeep, hapa Bondeni, Nakuru. Ukikaa hapo alasiri, upepo ukileta harufu ya maua ya pareto kutoka kiwandani, macho yanakuwa mazito na maneno yanatoka yenyewe. Siku hiyo Kemboi alikuwa amepata kazi kiwandani, na chumba cha kuishi, mkewe Chepngeno akiwa na mimba ya miezi saba. Tungefurahi tu, lakini alituambia alivyoipata. Meneja anawapa watu vipande kumi na sita vya mbao wajenge umbo la kwenye picha. Mwaka jana waliomaliza wa kwanza waliacha kazi wote kabla ya Krismasi, basi safari hii anachukua wa mwisho. Kemboi alimaliza kujenga huku wenzake wakiwa bado wanageuza picha. Akatazama huku na huku, akabomoa, akaanza upya kama mtu anayesinzia.

— Ulifanya vizuri, alisema Spana, fundi wa reli. Akili ni mali, na mali inafichwa.

— Akili hiyo itamtoa kazini tu, alisema Waithaka, tunayemwita Karani kwa ajili ya kalamu yake isiyo na wino. Kuchambua maua ni kazi ya mikono. Kichwa kinabaki bure, kinaanza kutembea. Leo kiko Njoro, kesho Keringet. Siku moja miguu inakifuata.

— Basi avae kofia nzito.

— Kofia haizuii kitu. Wewe Spana, umeona wale ndege heroe wa ziwani? Jana wamejaa, leo hakuna hata mmoja. Hao ndio wenye akili.

— Na kiboko?

— Kiboko hajawahi kuacha kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kemboi alicheka kidogo. Mikono yake ilikuwa inapanga vikombe vyetu vitupu vya kahawa, kimoja juu ya kingine, bila yeye kuviangalia.

— Mimi nitakuwa naota tu, alisema. Nachambua maua huku najenga nyumba nzima kichwani. King'ora kikilia, naibomoa.

Nilimwonea huruma, na pia nilitaka sana abaki Nakuru.

Chepngeno alikuja na ufagio mpya wa kufagia kile chumba. Karani akamsimulia yote, mbao na heroe na kiboko, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mumewe, bila hasira.

— Sasa utakuwa mjinga mpaka lini?

Karani alitoa kalamu, akairudisha mfukoni. Kemboi aliviangalia vile vikombe, akaanza kuvishusha kimoja kimoja, polepole.