Daftari la Watoro

Kijiwe chetu kipo pale lami inapokata tamaa na kuwa changarawe, ukianza tu kupanda kuelekea mlimani. Benchi ni moja, refu, na mguu wake wa kushoto nimeuunga mimi mwenyewe, ndiyo maana hadi leo halijamwangusha mtu. Mimi ni Jastin, hapa wananiita Injinia. Shule niliacha kidato cha pili, na kama unadhani nilipoteza kitu, njoo uone foleni ya pikipiki wanazoniletea nitengeneze, nyingine za watu wenye digrii. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umekalia Uluguru kama shuka, na Abuu muuza kahawa alikuwa ameshamimina vikombe vya kwanza. Mikidadi, fundi cherehani tunayemwita Asilimia kwa sababu hajui kuongea bila hesabu, alikuja na habari: Jumamosi shule yetu ya kata ina kikao cha wazazi. Wanataka kujenga uzio ili wanafunzi wasitoroke.

— Uzio! akasema Mzee Severin. Wakati wetu uzio ulikuwa macho ya wazazi.

Huyu tunamwita Mzee Bodi. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule ileile miaka tisa, na kila kikombe cha kahawa anakiteremsha na miaka hiyo tisa.

— Anaanza, nikasema. Abuu, muongezee, leo tutafika hadi kwenye mawe.

— Utacheka wewe, Injinia, lakini mawe ya msingi tuliyatoa mtoni kwa vichwa. Jumamosi yote msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Wanaume mawe, kina mama mchanga, watoto maji. Eufrazia, mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapika maharage kwenye pipa, na yalikuwa yanatosha. Sijui yalikuwa yanatoshaje.

Hapo hata mimi sikutania, maana yale maharage niliyala. Nilikuwa mdogo, nabeba maji kwenye kidumu cha lita tatu, najiona mkandarasi.

— Na kengele, akasema Abuu. Mnaikumbuka?

— Rimu la lori! nikasema. Likigongwa, sisi wa ng'ambo ya mto tulikuwa tunalisikia tukiwa bado tunatafuta kiatu cha pili. Mbio! Unavuka maji suruali iko begani.

— Asilimia themanini ya wanafunzi walikuwa wanafika kabla ya mwalimu, akasema Mikidadi.

— Nani alikuhesabia?

— Mimi ndiye nilikuwa nashona sare. Najua magoti yote ya shule ile. Na nikwambie, utoro umeletwa na sare za dukani. Suruali niliyoshona mimi ilikuwa nzito, mtoto akikaa anatulia. Hizi za siku hizi nyepesi, upepo kidogo tu wa mlimani, mtoto ameshainuka!

— Kwa hiyo upepo unawabeba?

— Asilimia arobaini, ndiyo.

— Unazingua, Asilimia.

Abuu akasema tatizo ni simu. Mikidadi akamjibu kuwa simu ni asilimia kumi tu, tatizo la pili ni madirisha: fundi aliyaelekeza mlimani, mtoto akitazama kule anaona migomba ya bibi yake, moyo unapanda, miguu inafuata. Dawa yake, madirisha yazibwe kwa matofali na watoto wasome kwa taa.

— Na umeme ukikatika? nikauliza.

— Hapo ndiyo hawatoroki kabisa, hawauoni mlango.

Tulicheka hadi Abuu akamwaga kahawa. Mimi nikatoa nadharia yangu, ambayo wote wanaijua: wenye akili nyingi huondoka mapema. Walimu walinifundisha wakaishiwa, nikawaonea huruma.

— Walipiga makofi ulipoondoka, akasema Abuu.

— Walilia.

Mzee Bodi hakucheka. Alikuwa bado kwenye miaka yake tisa.

— Sisi hatukuhitaji madirisha kuzibwa. Mtoto akikosa siku tatu, mjumbe anakwenda nyumbani. Nyumba kwa nyumba. Wakati wangu hakuna mtoto aliyepotea hivihivi.

Ndipo akaja binti mmoja, sare ya shule ya kata, daftari kubwa limebanwa kifuani. Akapiga goti kidogo.

— Shikamoo babu. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Mbona hupo darasani?

— Nipo kazini, babu. Naitwa Brenda, kidato cha tatu. Sisi wanafunzi sita tunafanya utafiti wa shule yetu, pamoja na mwalimu wetu na dada mmoja mhadhiri wa chuo kikuu. Wenzangu wapo pale kwa mama ntilie wanauliza watu.

— Utafiti! nikasema. Utafiti si wanafanya wazungu na magari?

— Hata sisi walituambia hivyo mwanzoni, kaka. Lakini wale wakija wanamuuliza mkuu wa shule. Sisi tunawauliza walioacha.

Akafungua daftari. Walikuwa wamepewa madaftari ya zamani ya mahudhurio wakanakili majina ya wote waliofutwa. Mbele ya kila jina kuna neno moja tu, mtoro. Mwaka mzima, ukurasa mzima, mtoro, mtoro, mtoro.

— Jumamosi tunasoma majibu mbele ya wazazi, akasema. Tukikosa majibu, uzio unajengwa na yanaisha. Na mimi nina rafiki yangu, Magreth, tunakaa dawati moja. Leo ana siku themanini na nne hajaja. Zikifika tisini jina linafutwa.

— Mgonjwa? akauliza Abuu.

— Hatujui. Hilo ndilo tunalosema. Hakuna anayejua.

Brenda akafunua ukurasa mwingine.

— Wewe ni kaka Jastin? Brenda akaniuliza. Umeandikwa hapa, kidato cha pili, mtoro.

— Ndiye mimi. Wamekosea herufi, ilitakiwa waandike mstaafu.

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kwa adabu, kalamu iko tayari.

— Ulitoroka kwenda wapi, kaka?

Sasa hapo mimi nina majibu kumi na mawili. Nimeyatumia miaka kumi, yote yanachekesha. Sijui kwa nini siku ile hayakuja. Labda ni ile kalamu. Hakuna mtu aliyewahi kuandika ninachosema.

— Sikwenda popote, nikasema. Mama alianguka na mkungu wa ndizi akiteremka sokoni, mguu ukavunjika. Nikawa nabeba mimi. Wiki mbili tu, nilijua ni wiki mbili. Ya tatu nikaona aibu kurudi, sikuwa na la kumwambia mwalimu. Kila Jumapili nafua shati la shule, naanika. Nikawa nasubiri mtu aje aseme, wewe Jastin, kesho njoo. Nilikuwa nasikia kengele.

Abuu akaacha kumimina. Watu wananijua miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kusikia habari ya hilo shati.

Brenda aliandika pole pole, neno kwa neno. Halafu akauliza swali linalofuata kwenye karatasi yake, kama alivyowauliza wengine wote.

— Na nani alikuja kukuulizia nyumbani?

Sikumtazama Mzee Bodi. Naapa, nilipambana na shingo yangu. Mimi ni mtu wa kutania, na utani mkubwa kuliko wote wa maisha yangu ulikuwa umekaa kwenye benchi hilo hilo, umeshika kikombe, miaka tisa ya bodi. Ningeweza kummaliza kwa maneno matatu. Nikatazama changarawe.

— Mimi ndiye nilitumwa, akasema mzee.

Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Nilikuja, Jastin. Nilifika hadi mtoni. Mvua za masika, maji yalikuwa yamefika kwenye lile jiwe la kufulia. Nikasimama pale. Kwenu nilikuwa napaona, mabati yenu yanaonekana. Nikarudi, nikajaza fomu.

— Ulijaza nini, babu?

— Hilo neno mlilonakili.

Brenda akaandika na hilo. Hakuwa na ubaya wowote, mnielewe. Alikuwa anataka tu kukamilisha mstari wake.

— Na kesho yake, babu?

Mzee akazungusha kikombe mkononi. Mikidadi akatazama mlima, Abuu akashika birika lake. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, migomba inaonekana mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nasubiri jibu kuliko Brenda, kwa sababu kesho yake nilikuwepo. Nilikuwepo nyumbani siku nzima.

Jibu halikuja. Brenda akangoja, akaona haya yeye badala yetu, akavuta mstari mfupi mahali pa jibu.

— Basi, ahsanteni. Ngoja niwafuate wenzangu.

— Subiri, akasema mzee. Huyo Magreth, kwao mnapitia wapi?

— Ng'ambo ya mto, babu. Pale pale kwenye jiwe la kufulia.

— Maji?

— Yanafika kiunoni. Mwalimu kasema tungoje yapungue.

Mzee Severin akaweka kikombe chini, bado kimejaa nusu, akainama na kuanza kuvua viatu hapo hapo kwenye benchi, soksi akazikunja akazitia mfukoni. Mimi nikampa bega ashike.