Jagi Lenye Tundu

Truphosa hakupanda basi la Coventry Road asubuhi ile ya 1975 ili asikilize ya watu. Alikuwa akienda zamu yake katika hospitali ya Waingereza. Lakini Kiswahili kikizungumzwa kiti cha mbele, nesi wa Kisii aziweke wapi masikio? Raksha, mama wa Kihindi aliyepakata jagi la plastiki, alikuwa akimsimulia mzee mwenye kilemba, mzaliwa wa Nakuru, habari za Toronto. Kigujarati cha huyu na Kipunjabi cha yule havikupatana, Kiswahili kikawaokoa.

“Kule maziwa huuzwa kwenye mfuko wa plastiki. Unautumbukiza humu, unakata pembe, unamimina. Yakiisha unauosha mfuko, unamfungia bwana chapati za kazini.”

“Hapa ni chupa, dada. Mimina humo basi.”

“Lina tundu chini. Linashika mfuko, halishiki maziwa.”

Mzee alilitazama jagi kama ndugu amtazamavyo mgonjwa mahututi. “Umevuka bahari na jagi linalovuja?”

“Kampala tulifukuzwa tukiwa na sanduku moja tu. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichonunua Toronto. Leo naenda kwa wenye kiwanda cha maziwa, niwaambie wayatie kwenye mifuko.”

“Watakucheka.”

“Wacheke. Kesho nitarudi.”

Basi likasimama. Raksha akashuka mvuani na jagi lake kifuani, maji yakiingia juu na kutokea chini. Mzee akageuka kutafuta shahidi. “Sista, umeyaona haya?”

Truphosa, ambaye mwiko wake wa ugali, aliotoka nao kwao Kisii, ulikuwa umetimiza miaka minne chumbani kwake Newtown bila kuonja unga, alijifanya anatafuta tiketi.