Mtumbwi Ulielea Juu ya Nini?

Benchi la kibanda cha kahawa cha Abdulhalim pale Nyamisati lina miguu mitatu na jiwe, na wateja wake wa kudumu ni watu ambao hawajawahi kukutana na jambo wasilolijua. Siku hiyo, hata hivyo, walikuwa wamepoa. Mudy Tairi, dereva wa bodaboda, alikuwa amerudi kutoka Kibiti alikompeleka Siti mahakamani. Siti, mjane anayekaanga samaki, ameshitakiwa kukata mikoko bila kibali, na akishindwa ni jela. Wakili alitaja bei. Siti akamshukuru, akaondoka. Leo alijitetea mwenyewe. Abdulhalim alimimina kahawa mpaka ikamwagika mezani.

— Hebu rudia, Mudy. Siti alimuuliza nini yule askari wa doria?

— Kwa adabu zote. "Afande, unasema uliniona saa nne asubuhi napakia nguzo mtoni. Mtumbwi ulikuwa unaelea?" Jamaa kajibu, ulikuwa unaelea. Siti katoa kalenda ya msikitini, kaazima kwa imamu. "Mheshimiwa, siku hiyo mwezi ulikuwa wa kumi na tano, mpevu. Bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Saa nne maji yameshakupwa, mto ule ni tope mpaka magotini. Afande, mtumbwi ulielea juu ya nini?"



— Subhanallah, akasema Mzee Bushiri, aliyeitwa Kabrasha kwa sababu ya faili analotembea nalo tangu kesi yake ya mbuzi. Mimi nimehudhuria mahakama miaka miwili, swali kama lile sikulipata.

— Wewe, mzee, hata mbuzi alikushinda, akasema Mudy.

— Yule ana mtu, akasema Sadala Redio. Wakili wa Dar alikuwa anamnong'oneza kwenye simu, chini ya mtandio.

— Simu zinazimwa mlangoni, Redio, akasema Mudy.

— Basi ni wakubwa wa mikokoni, majini wale. Miaka ishirini anavuka mito ile peke yake, hawajampa kitu? Sauti ile haikuwa yake.

— Uliisikia ukiwa wapi?

— Hapa hapa.

— Na hakimu? akauliza Abdulhalim.

— Kaandika, kaandika. Mwisho kasema ana kesi ya kujibu, huenda afande kakosea saa tu. Kesho Siti alete mashahidi.

— Mwanamke yule akipita hapa, akasema Kabrasha, mimi nasimama wima.

Binti mmoja wasiyemjua alikuwa amekwishafika, mkoba begani.

— Shikamooni. Mimi Maimuna, mdogo wake Siti, natoka Mkongo. Dada anasema siku ile alishinda hapa mbele yenu akikaanga samaki, asubuhi mpaka magharibi, na mlikula. Kesho mnakuja wangapi?

Kabrasha akafungua faili. Redio akakumbuka kuangalia simu. Kila mmoja ana nguzo zake zisizo na kibali zimefunikwa makuti nyuma ya nyumba, na askari wa doria anawajua kwa majina. Abdulhalim akainua macho. Nguzo tisa za kibanda chake zilikuwa za mkoko, na kibali hakuwahi kukiona.

Akachukua kopo la maji, akayamwagia makaa.

— Mudy, alfajiri utanipitia twende Kibiti?

Mudy alikuwa anakagua tairi la mbele.

— Abdu, mbona mapema? akasema Redio. Kahawa si bado ipo?

— Imekwisha, akasema Abdulhalim, birika likiwa zito mkononi.