Suud bin Thani, Aliyeandikwa Mgeni

Bismillahi. Marehemu Suud bin Thani bin Aflah alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 9 Machi 1921. Alisoma chuoni Kurani, kisha skuli hadi darasa la kumi, akawa mwalimu wa historia. Mwaka 1947 alimuoa Bi Rahila binti Seif, wakajaaliwa Bakhit na Shaikha.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalimtoa kwao mikono mitupu. Aliangukia Hazelmoor, kijiji cha nyumba arubaini na moja huko Uingereza. Cheti chake cha ualimu hawakukitaka. Wakampa ufagio wa skuli. Akafagia. Kila Jumamosi alikwenda kwa wazee na daftari lake, akiwauliza nani alichimba kisima, kinu cha ngano kiliungua lini, kengele ya kanisa ilipasuka vipi. Akajaza madaftari saba. Bi Edith, kikongwe wa jirani, alimwambia, "We Suud, babu yangu unamjua kuliko mimi!"

Aprili 1969 kijiji kilitoa kitabu cha historia yake. Maneno yalikuwa ya Suud, moja kwa moja kutoka madaftarini. Jina juu ya jalada lilikuwa la padri. Ndani, mstari mmoja: shukrani kwa mgeni mmoja aliyesaidia.

Bi Rahila alikitupa kitabu mezani. "Baba Bakhit, nnakuuliza! Miaka mitano tunawafagilia, huyo mgeni ndo nani?"

"Wamenichanganya na marehemu ami yangu, Mgeni bin Aflah," akajibu. "Makosa ya tahajia tu, mama."

Alicheka, lakini daftari la nane hakulifungua. Sisi hatucheki. Ile ilikuwa dhulma, na tunaiita kwa jina lake.

Oktoba 1970 alirudi Maskati, nchi ya babu yake, kifua kikiwa kimeshaharibika kwa baridi. Karani wa uhamiaji akamtazama, akasikia Kiswahili chake, akaandika: mgeni. Hata hapa!

Alifariki nyumbani Matrah, jirani na Maskati, Alkhamisi tarehe 3 Disemba 1970, siku chache baada ya Idi, shahada mdomoni. Ameacha mjane, watoto wawili na dada yake, Bi Nasriya.

Kaburi lake, kwa desturi yetu, halina maandishi. Basi jina tunaliandika hapa, kwa herufi zake zote: Suud bin Thani bin Aflah. Ewe Mola, wao walimwandika mgeni. Wewe mpokee kama mwenyeji. Amin.