Gauni la Diwani Jovelyn

Jipni ya abiria ilikuwa imetoka sokoni Iloilo Mama Rosenda aliposikia jina la mwanawe likitajwa. Mzee aliyepakata jogoo alikuwa akibishana na muuza samaki.

"Kazaliwa mwanamume, leo anavaa gauni na kuitwa Diwani Jovelyn! Mji huu haujapata kuona kioja kama hicho."

"Wakati wa mafuriko aliingia majini na gauni hilohilo, babu. Wewe na suruali yako ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa."

"Nani alikushusha?"

Mzee akamkuna jogoo shingoni. "Yeye. Na nilimshukuru! Lakini shukrani ni shukrani, kura ni kura."

Abiria wakaangua kicheko. Rosenda, aliyelia mwanawe alipozomewa kwenye kampeni, safari hii alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na wewe mama, unacheka nini?" mzee akamuuliza.

"Gauni hilo nililishona mimi. Jovelyn ni mwanangu."

Jipni iliposimama mbele ya ukumbi wa baraza, mzee akamshika Rosenda mkono, akamsaidia kushuka.

"Msalimie sana. Lakini mwambie sijabadili msimamo!"

"Njoo umwambie mwenyewe, babu. Mlango wake hauna bawabu."